Mstari wa Nuru kwenye Daftari la Mapema

Joyce na Hamisi, nawaandikia nikiwa Voi, kwangu, na kikombe cha chai ambacho kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuna mzazi wa kunikatiza mpaka kipoe. Lile daftari langu gumu la jalada jeusi liko huko ofisini kwenu, kwenye droo ya pili kushoto ya meza yangu, chini ya kisanduku cha mihuri. Kuna maneno mawili humo ambayo nilipaswa kuyakata kabla ya kuondoka Jeddah. Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau, nilikwepa. Sasa nawaomba ninyi mnifanyie, lakini kwanza mjue mnakata nini na kwa nini.

Mlinikuta mimi ni mzee wa ofisi ya ushauri wa vyuo, mwenye kujua tarehe za vyuo kama anavyojua majina ya watoto wake, mkadhani nilizaliwa hivyo. Nilikuja Saudia kama soja, mlinzi wa geti. Wakala wa Nairobi aliniambia kazi ni ya ukarani, kwa kuwa nilikuwa karani wa shule ya sekondari huko kwetu Taita, na nilipofika Riyadh nikapewa sare ya bluu na kiti kisicho na mgongo. Geti lilikuwa la shule ya kimataifa mtaa wa Al-Sulimaniyah. Kulala tulilala Al-Shumaisi, Wakenya sita chumba kimoja, na aliyetangulia kuamka ndiye aliyeoga maji ya moto.

Siku ya kwanza bosi wa magari alinifundisha kazi yote kwa sentensi moja: anayekuja kwanza anaegesha ndani, kivulini, anayekuja nyuma anabaki nje na jua lake. Halas. Hakukuwa na la kuongeza. Madereva walijua, na wengine walikuwa wanafika saa mbili kabla ya kengele ili wapate kile kivuli. Sheria hiyo niliipenda kwa sababu haikuniuliza maswali. Na si getini tu. Ofisi ya ikama, kile kibali cha kuishi, ilikuwa hivyo hivyo, ubalozini hivyo hivyo. Wewe mgeni ukitaka karatasi yako itoke, ujihimu na alfajiri uchukue namba ya kwanza. Aliyewahi kahudumiwa, aliyechelewa aje kesho. Foleni imetulea sote kule, na mimi ilinilea kuliko wengi.

Nilivyotoka getini kuingia ofisini nitawaeleza kwa ufupi maana si jambo la kujisifia. Siku moja mtu wa vifurushi alikuja wakati wa sala, ofisi zimefungwa, akataka mtu wa kumkabidhi bahasha zinazokwenda Marekani, ambazo ziliachwa getini bila kufungwa. Nikaziangalia kabla hajazichukua, tabia ya ukarani haiishi mwilini, nikaona nakala mbili za alama za wanafunzi hazina muhuri. Nikazizuia. Bosi alinifokea kwamba soja hana kazi na bahasha. Aliyenitetea ni Ustadha Samia, mama wa Khartoum aliyekuwa mshauri wa vyuo, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Mwezi uliofuata nilikuwa nimekaa mezani kwake nikipiga mihuri.

Alinifundisha kazi kwa vitu, si kwa hotuba. Muhuri ugongwe nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, ili picha isibanduliwe. Barua ya mwalimu isomwe mara mbili, kwa sababu walimu hunakili barua ya mwaka jana na kusahau kubadilisha jina. Na ukutani aliweka saa mbili, moja ya Riyadh na moja ya Marekani, maana mwisho wa kupokea maombi huhesabiwa kwa saa ya chuo au ya mwombaji, kila chuo na lake, na ni aibu kumnyima mtoto nafasi kwa sababu hukujua saa ngapi. Wenzetu wa Marekani hurudisha saa zao nyuma kila mwaka karibu na majira ya baridi, sisi Saudia hatuna mchezo huo. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau kuisogeza ile saa ya pili, na kwa wiki nzima nikawa naishi katika nchi isiyokuwepo. Ustadha aliona siku ya kwanza. Aliniacha mpaka nigundue mwenyewe.

Daftari nalo lilianza hapo. Nililinunua dukani jirani na shule, nikalichora mistari mitano ya kusimama: jina la mwanafunzi, chuo, aliomba mapema au kawaida, jibu, sababu. Nyinyi mmezaliwa na kompyuta mtacheka. Lakini wazazi walikuwa wakituuliza swali moja kila mwaka, na bado wanauliza: mtoto akiomba chuo kikubwa mapema, mwezi wa Novemba, badala ya Januari pamoja na umma, nafasi yake inaongezeka? Nikataka niwe na jibu la kwangu, lenye ushahidi.

Baada ya miaka michache nikawa nalo, au nilidhani. Nilimpelekea Ustadha Samia daftari nikiwa nimevimba kichwa. Nikamwonyesha kwamba wengi walioomba mapema walikubaliwa, na wengi wa Januari walikataliwa. Akaweka miwani ya kichwani puani, akapitisha kidole kwenye majina ya wale wa mapema, polepole, kama anayechambua mchele. Akaniuliza hawa ni akina nani. Nikatazama. Yule baba yake alisoma chuo hicho hicho. Yule alikuwa anaogelea mpaka vyuo vinamwandikia vyenyewe. Yule alikuwa na mwalimu wa nyumbani tangu darasa la sita na insha zake zilikuwa tayari tangu likizo. Akaniuliza kama hao wangeomba Januari wangekataliwa. Nikasema sijui.

"Basi daftari limekuambia nani aliwahi," akasema. "Halijakuambia kama kuwahi ndiko kulikomwingiza."

Akanieleza vizuri, na mimi nawaeleza ninyi kama alivyonieleza kwa sababu mtaulizwa Jumapili asubuhi, wiki yenu ya kazi ikianza. Viko vyuo ambavyo mapema husaidia kweli, hasa vile ambavyo mwombaji hutia saini kwamba akikubaliwa atakwenda na maombi mengine yote atayaondoa. Chuo kinapenda mtu aliyekwisha kujifunga. Lakini kuwahi humsaidia aliye karibu na mlango tayari, hakumvuti aliye mbali. Familia inayotegemea msaada wa karo isijifunge kabla haijajua itapewa nini na kwingine kungetoa nini. Na mwenye alama zinazopanda anapeleka karatasi zake za zamani mahali ambapo karatasi zake mpya zingemsemea vizuri zaidi. Zaidi ya hapo, anayekataliwa moja kwa moja katika awamu ya mapema hawezi kurudi chuo hicho hicho mwaka huo. Wengine huahirishwa, faili lao likarudishwa kwenye kundi la Januari. Aliyekataliwa amekataliwa.

Yote hayo niliyasikia kwa masikio haya mawili. Nikaitikia. Kisha nikarudi mezani kwangu na kichwa kile kile cha soja wa geti.

Ustadha alipostaafu, akaenda kukaa na binti yake Misri, mimi nikahamishiwa tawi la Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kwenye kile chumba mnachokijua ambacho bahasha hujifunga zenyewe kwa unyevu kabla hujatia kitu ndani. Ndipo nilipokutana na Sista Zainabu. Ninyi mnamjua kwa sura. Ni nesi, mtu wa Kisauni, Mombasa, mjane, mama wa mabinti wawili. Nuru ndiye mkubwa, na Salha wakati huo alikuwa bado mtoto wa kuchorachora kwenye karatasi zangu chakavu huku dada yake akijaza fomu.

Nuru alitaka kusoma kemia ya dawa, na alitaka chuo kimoja tu, huko mashariki ya Marekani, ambacho alikuwa amekisoma mpaka anajua majina ya maabara zake. Kichwa alikuwa nacho. Ila darasa la kumi na moja lilimharibikia. Bibi yake aliugua, wakaenda Mombasa kumwona, mama akarudi kazini, Nuru akabaki kidogo kumsaidia bibi, na ile ruhusa yake ya kutoka na kurudi ikaisha muda angali kule. Mnajua karatasi hizo. Kafili wa mama, yaani mwajiri aliyemdhamini, ilibidi aanzishe upya, na mtoto akakaa Kisauni muhula mzima na zaidi akisubiri. Aliporudi alikuta wenzake wamefika mbali, na mwisho wa mwaka alama zake za kemia na hisabati zilikuwa za kuhuzunisha.

Darasa la kumi na mbili alisoma kama mtu anayedaiwa. Mwalimu wake wa kemia alinijia mwenyewe mwezi wa Oktoba akaniambia nisubiri ripoti ya Desemba, itakuwa habari nyingine kabisa. Lakini mkataba wa Sista Zainabu ulikuwa unaisha Juni, hakujua kama utaongezwa, na ikama ya watoto iko chini ya ya mama. Alitaka ajue mapema mwanawe anakwenda wapi. Akaniuliza, "Mzee Mwadime, tukiwahi si tutapata jibu kabla ya watu?" Nikamwambia naam, jibu na nafasi pia.

Nuru ndiye aliyesita. Aliketi pale karibu na dirisha, mkoba mapajani, akaniuliza kwa adabu kama si afadhali tungoje matokeo ya Desemba. Nakumbuka nilivyomjibu kwa sababu nimelirudia jibu hilo peke yangu mara nyingi kuliko ninavyosali. "Mwanangu, wanaotangulia ndio wanaoingia. Nimeliona getini na nimeliona ofisini." Mama yake akatikisa kichwa kukubali. Naye alikuwa mtu wa foleni, alikuwa amepanga foleni za ubalozi na za jawazati, ofisi ya pasipoti, miaka kumi. Wakubwa wawili tukakubaliana, na mtoto ambaye ndiye pekee aliyekuwa ameuliza swali la maana akatia saini.

Jibu lilikuja katikati ya Desemba. Nuru aliingia ofisini asubuhi kabla sijafungua mapazia, akiwa na karatasi mbili. Moja alikuwa ameichapa kutoka kwenye simu ya mama yake: amekataliwa, hakuahirishwa. Nyingine ilikuwa ripoti yake ya muhula, imetoka jana yake. Kemia alikuwa wa kwanza katika darasa zima. Akaziweka mezani bega kwa bega, akazinyoosha, na hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

"Mzee," akasema, "ulinipeleka kabla sijafika."

Nikamwambia ushindani ulikuwa mkali mwaka huo. Nikasema watu wametoka dunia nzima kuomba. Nikaendelea kusema mpaka nikasikia sauti yangu mwenyewe ikichosha. Alipotoka niliandika chuoni kuomba waitazame ripoti mpya, wakanijibu kwa upole kwamba uamuzi ni wa mwisho kwa mwaka huo, jambo ambalo nililijua tangu enzi za Ustadha Samia. Kisha nikafungua daftari. Kwenye jibu nikaandika: alikataliwa. Kwenye sababu nikaandika: ushindani mkali.

Msidhani Nuru aliharibikiwa. Mkataba wa mama yake uliongezwa, na Nuru akarudi Kenya akasomea dawa huko huko, na leo ana duka la dawa la kuaminika Mombasa na mtoto mmoja mtundu. Akinipigia simu ananiita Mzee vile vile. Linaloniuma si maisha yake. Linaloniuma ni kwamba sijui kama chuo kile kingemchukua Januari kwa ile ripoti. Pengine kingemkataa tu. Lakini hakuna mtu atakayejua kamwe, na ni mimi niliyefanya isijulikane, kwa kudhani chuo ni maegesho.

Baada ya hapo niligeuka. Ninyi mlipoajiriwa mlinikuta mzee wa Januari, na Hamisi ulikuwa ukinitania kwamba hata chai yangu naingoja Januari. Kila aliyeomba kuwahi nilimpunguza mwendo. Niliita busara. Nilikuwa na maneno mazuri ya Ustadha Samia ya kuifunika, na wazazi waliniheshimu kwa hilo. Ilikuwa hofu tupu. Nilikuwa nimebadilisha jibu la swali bila kumtazama anayeuliza, kama zamani.

Ndipo mwaka huu akaja Salha. Yule wa kuchora kwenye karatasi chakavu sasa yuko darasa la kumi na mbili, mrefu kumshinda mama yake, na anataka chuo kile kile cha dada yake. Aliniomba fomu ya mapema Septemba, nikamwambia hatuna haraka. Akarudi baada ya wiki mbili, nikamwambia tungoje ripoti ya Desemba. Mara ya tatu alikuja na Sista Zainabu. Joyce, ulikuwa mapokezi, mlango ulikuwa wazi, lakini sidhani kama ulisikia.

Salha hakubishana. Alifungua faili lake la kijani akanipangia karatasi mezani moja moja. Alama za miaka minne, hazijawahi kuteremka. Mitihani ya nje aliyoifanya wakati wa likizo. Insha zilizosahihishwa na mwalimu mara tatu. Barua mbili za walimu, zenye jina sahihi. Fomu ya msaada wa karo, na kikokotoo cha chuo kikionyesha kiasi ambacho mama yake amekubali kwamba anaweza kulipa. Akaniuliza ni kipi kinachokosekana. Nikazipitia zote, kweli nilikuwa natafuta, nilitaka hata muhuri mmoja uliopinda. Nikasema mafi, hakuna.

"Basi tunangoja nini?" Akanitazama vizuri, akasema taratibu, "Mzee, mimi si Nuru."

Sista Zainabu alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, ametazama sakafu. Bila kuinua macho akaniuliza jambo ambalo naamini alikuwa amelibeba miaka yote. "Mzee Mwadime, ile ya Nuru, kweli ilikuwa ushindani?"

Nikavuta kisanduku cha mihuri. Nikasema tulimalize hili la Salha kwanza. Nikatia saini, nikagonga muhuri nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi, nikatuma, ikawa ndiyo kazi yangu ya mwisho kubwa pale. Siku nne baadaye mlinipikia pilau la kuniaga, mkanipa ile saa ya Marekani ya ukutani, niliyohama nayo kutoka Riyadh, nije nayo nyumbani. Nilimwona Sista Zainabu kwenye pilau. Tulisalimiana, nikamsifia mavazi. Nikapanda ndege na jibu lake likiwa bado tumboni.

Jana nilimpigia. Nilizunguka kidogo, habari za joto, habari za Salha, kisha nikapiga moyo konde nikamwambia haukuwa ushindani. Nikamwambia mtoto aliniomba tungoje, na nilimharakisha kwa sababu sikujua kutofautisha mlango wa chuo na geti la magari. Kisha akaniuliza, "Kwenye lile daftari lako uliandika nini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi kabadilishe." Hakusema lingine, akaniaga vizuri, akakata simu.

Jibu la Salha halijatoka. Likiwa zuri, msiandike kwamba ni kwa sababu aliwahi. Andikeni alikuwa tayari. Likiwa baya, andikeni ukweli mtakaouona ninyi, msinilinde. Na akija mwingine kuuliza kama kuwahi kunaongeza nafasi, kabla ya kumjibu mwambieni afungue faili, mtazame naye karatasi moja moja, na akisema mwenyewe bado, msimpeleke.

Sasa lile nililowaomba. Fungueni daftari, ukurasa wa Jeddah, jina la Nuru. Kateni "ushindani mkali" kwa mstari mmoja tu, maneno yaliyokatwa yasomeke. Juu yake muandike kwa kalamu nyekundu: Mwadime alimharakisha. Sista Zainabu akija kwa ajili ya Salha, mfungulieni ukurasa huo auone kwa macho yake.